Je, wajua kwa nini ua lililolegea linasimama ukilimwagia maji, ila seli yako ikipewa maji hayohayo inapasuka?

Ushawahi kusahau kumwagilia ua ukalikuta limelala hoi, ukalipa maji na baada ya saa chache likawa wima kama vile hakuna kilichotokea? Sasa chukua chembe nyekundu za damu uzitie kwenye maji masafi tu, zinavimba zinavimba paah zinapasuka, tena fasta. Maji ni yaleyale, sasa mbona huyu anafufuka na yule anakufa?

Kilichomuokoa mmea ni ukuta. Seli zote, ya mmea na ya mnyama, zimefunikwa na utando mwembamba sana unaopitisha maji na kuzuia vitu vingi vingine, na maji kawaida yake huhamia kule kwenye chumvi na sukari nyingi zaidi, ndo ile osmosisi tuliyokaririshwa shule bila kuielewa. Ndani ya seli vitu vilivyoyeyuka ni vingi, kwa hiyo maji yanaingia tu. Seli ya mnyama ukiacha utando haina kingine cha kuishika, inajaa kama puto. Ndo maana dripu ya hospitali sio maji matupu, ile ya chumvi ina kama gramu 9 kwa lita ili ifanane na damu. Seli ya mmea ina ukuta wa selulosi nje ya utando, kitu kilekile kilichojaa kwenye pamba na karatasi, maji yakisukuma ukuta unakaza, mwisho yanashindwa kuongezeka.

Na hapa ndo mi napapenda, mmea umeigeuza hiyo presha kuwa mifupa! Katikati ya seli yake kuna vakuoli, mfuko wa maji ambao kwenye seli iliyokomaa unaweza kuchukua mpaka asilimia 90 ya nafasi yote, huku kiini na vingine vimebanwa pembeni. Presha ya humo inaweza kuzidi ya tairi la gari dogo mara mbili hata tatu. Maji yakipungua mfuko unasinyaa, presha inashuka, jani linalala. Seli za wanyama zikiwa na vakuoli basi ni vidogovidogo tu.

Mengine yanafanana kuliko watu wanavyodhani: kiini chenye DNA, ribosomu za kutengeneza protini, na mitokondria za kutoa nguvu kwenye sukari. Ndio, mmea nao una mitokondria, wengi wanajua una kloroplasti tu. Kloroplasti inatengeneza sukari kwa mwanga wa jua, ila sukari hiyo lazima ivunjwe ili itoe nguvu, na hapo ndo mitokondria zinahitajika, na seli za mizizi huko gizani hata hazina kloroplasti, zinaletewa chakula kutoka juu.

Ila ukuta nao una gharama zake. Chembe nyeupe ya damu inajikunja, inapenya sehemu finyu, inameza bakteria, seli ya mmea imegandana na jirani zake maisha yote. Hata kugawanyika ni tofauti, ya mnyama inajibana katikati mpaka inakatika, ya mmea haiwezi kujibana na ukuta ule, inabidi ijenge ukuta mpya katikati.

Sasa ua likikauka kupitiliza, utando unaharibika na hakuna tena cha kushikilia maji ndani, hapo hata umwage ndoo nzima halisimami. Kuta zinabaki zenyewe, vyumba vitupu. Na ndicho alichokiona mwanasayansi Mwingereza Robert Hooke mwaka 1665 alipoweka kipande cha gome la mti, lile la kutengenezea vizibo vya chupa, kwenye hadubini yake, neno seli tunalolitumia leo likaanzia hapo, kwenye kuta za seli zilizokufa zamani.