Vasco da Gama hakuiua Venice

Wengi tumefundishwa kwamba Vasco da Gama alipopata rubani Malindi na kufika Calicut, India, mwaka 1498, biashara ya viungo ya Venice, dola ya mji wa Italia iliyovinunua Misri na kuviuza Ulaya, ilikufa papo hapo. Ilitikisika, naam. Miaka ya mwanzo ya 1500 merikebu za Venice zilirudi kutoka Aleksandria na shehena haba. Lakini Wareno hawakuweza kuiziba Bahari ya Shamu: gavana wao Afonso de Albuquerque alishambulia Aden, bandari iliyo karibu na mlango wa bahari hiyo, mwaka 1513 akashindwa, na wafanyabiashara wa Gujarat (India) na Aceh (Sumatra) wakaendelea kupitisha pilipili manga kuelekea Misri. Kufikia miaka ya 1560, Venice ilikuwa ikinunua pilipili nyingi kama zamani, pengine kuzidi. Kifo gani hicho?

Pigo zito lilitoka kwa Waholanzi, ambao kampuni yao ya Mashariki iliundwa mwaka 1602. Wao walikwenda kuvidhibiti viungo kwenye visiwa vinakolimwa, wakavisambaza Ulaya kutoka Amsterdam, na ile njia ya Misri ikakosa mzigo. Jamhuri ya Venice yenyewe ilidumu hadi mwaka 1797, ilipoangushwa na majeshi ya Napoleon.