Supu ya mifupa hairudishi kasi ya akili

Ujumbe huu umezunguka miaka mingi kwenye magrupu ya familia na vyama hapa Kisumu: mzee akianza kufikiri polepole, eti mifupa yake imeishiwa kalsiamu, basi anyweshwe supu ya mifupa kila asubuhi akili irudi.

Kuna chembe ya ukweli, na ndiyo inayowachanganya watu. Tafiti zimeona kuwa wazee wenye mifupa dhaifu mara nyingi hufikiri polepole pia. Lakini mambo mawili kwenda pamoja si kusema moja limeleta jingine. Umri na kukaa bila kutembea huhusishwa na yote mawili. Supu yenyewe, tamu kweli, ina kalsiamu kidogo. Omena, dagaa wa ziwani wanaoliwa pamoja na mifupa yao, wanaishinda mbali.

Unahakikishaje? Uimara wa mifupa hupimwa kwa eksirei maalum. Kasi ya akili, kwa majaribio kama kulinganisha alama na tarakimu huku saa ikihesabu. Kipimo kimoja hakijibu swali la kingine. Mzee aliyebadilika apelekwe hospitali: upungufu wa vitamini B12, hitilafu ya tezi ya shingoni (thairoidi) au hata dawa anazomeza huweza kuwa chanzo, na mara nyingi hurekebishika. Ujumbe huo ukikufikia, usiutume mbele, unamcheleweshea mzee matibabu.