Elektroni za Jua na ungo wa shangazi

Tangu asubuhi shangazi anapepeta mchele uani kwetu Mikindani. Mimi niko barazani, kompyuta mapajani, nasoma takwimu za elektroni zilizorushwa na mlipuko wa Jua. Akaniuliza bila kuacha ungo: "Mwanangu, unavihesabuje hivyo vitu na wala havionekani?"

Kuhesabu si tabu. Chombo cha anga cha kuchunguza Jua, Solar Orbiter, kilichorushwa Februari 2020, kimebeba vigunduzi vya silikoni. Elektroni ikipenya humo hung'oa chaji njiani: yenye nishati ya kiloelektronivolti 100 huacha jozi za chaji zipatazo 28,000, na saketi hupima mpigo huo wa umeme. Tabu ni kwamba protoni, ambayo nayo hurushwa na mlipuko, hupiga vilevile, na mpigo hausemi ni wa nani.

Kwa hiyo kifaa kimoja cha chombo hicho, kiitwacho EPT, kina milango ya aina mbili. Mmoja una sumaku: elektroni, kwa wepesi wake, husukumwa pembeni, protoni nzito hupita moja kwa moja. Huo ndio ungo wa shangazi, makapi yanapeperuka na mchele unabaki. Mlango wa pili una utando mwembamba unaofanya kinyume: huzuia protoni na kupitisha elektroni. Lakini protoni ikizidi takriban kiloelektronivolti 400 hutoboa utando, ikahesabiwa kuwa elektroni. Hapo ndipo kazi yangu ilipo. Nachukua protoni zilizohesabiwa upande wa sumaku, nakadiria ngapi zimejipenyeza kwenye utando, nazitoa kwenye hesabu ya elektroni. Grafu ya elektroni ambayo haijatolewa protoni hizo siiamini hata kidogo, hasa saa chache baada ya mlipuko.

Dakika za mwanzo ndizo safi. Mwanga wa Jua hutufikia kwa dakika 8 na ushei. Elektroni ya kiloelektronivolti 100 huenda kwa zaidi kidogo ya nusu ya kasi hiyo, tena ikifuata uga wa sumaku uliopinda, hivyo hufika Duniani kwa kama dakika 18. Protoni ya megaelektronivolti 10 huchukua zaidi ya saa nzima, na protoni ndizo za kuogopwa na wanaanga. Elektroni inatangulia kutoa habari; chombo kingine cha kuchunguza Jua, SOHO, kilichorushwa 1995, kimeshatumika kutabiri ujio wa protoni kwa njia hiyo.

Nikamgeuzia shangazi kioo, nikamwonyesha mstari wa elektroni ulivyopanda ghafla. Akaweka ungo chini.

"Na hizo protoni?"

Nikamwonyesha mstari wa pili. Ulikuwa bado umelala.