"Sista, maziwa hayatoki"

Hayo ndiyo maneno ninayoyasikia kuliko mengine yote kazini. Huja siku ya pili au ya tatu baada ya kujifungua, mara nyingi usiku, yamechanganyika na machozi. Mimi ni mkunga niliyebobea katika unyonyeshaji, na nikiitwa sianzi kwa kumshika mama titi. Navuta kiti, naketi, namwomba anyonyeshe kama alivyokuwa akifanya, nami natazama.

Majuzi nilikaa hivyo na mama mmoja. Alikuwa amejiinamia kumfuata mtoto, mabega juu, meno ameyauma. Mtoto amelala chali, shingo imepindwa kulifikia titi. (Jaribu kumeza maji ukiwa umegeuza uso begani, utaona tabu yake.) Alikuwa ameshika chuchu peke yake, mashavu yakibonyea kila akivuta. Alipoiachia, ilitoka imebanwa bapa, ina mpasuko mwembamba kwenye ncha. Sikuhitaji kuuliza kama inauma.

Mama akaegemea nyuma. Mtoto tukamgeuza mwili mzima, tumbo kwa tumbo, pua ikielekea chuchu. Kisha tukangoja. Kungoja ndiko kugumu, maana mtoto analia na kila aliyemo chumbani anataka anyamazishwe. Alipopanua mdomo kama anayepiga mwayo, mama akamvuta upesi, kidevu kikatangulia kugusa titi. Mdomo wa chini ukabinuka nje. Akafyonza harakaharaka, halafu mwendo ukawa wa polepole, na nikaanza kusikia anavyomeza. Mabega ya mama yakashuka kabla hajasema neno.

Kwa hiyo maziwa yalikuwepo. Siku ya kwanza tumbo la mtoto hutosheka na kama kijiko kimoja cha chai kwa mnyonyo, na dang'a, yale maziwa ya kwanza mazito, hutoka kwa kiasi kidogo hichohicho. Maziwa mengi hujaa kati ya siku ya 2 na ya 5. Titi laini siku ya pili si titi tupu! Mtoto anyonye mara 8 hadi 12 kwa saa 24, usiku ukiwemo, kwa sababu titi hutengeneza kadiri linavyonyonywa. Ndiyo maana chupa anayopewa "atulie kidogo" bila sababu ya kitabibu hunihuzunisha: mtoto hulala, na titi huambiwa lipunguze kazi.

Kilio peke yake hakinipi jibu. Naangalia nepi: kufikia siku ya 6 natarajia 6 au zaidi zilizolowa mkojo kwa siku, na choo cheusi kiwe kimegeuka njano. Naangalia na mizani. Kupungua uzito kidogo siku za mwanzo ni kawaida, lakini upungufu ukifika asilimia 10 hatungoji.

Wapo ambao maziwa kweli hayatoshi: aliyetokwa na damu nyingi, aliyebakiwa na kipande cha kondo, aliyewahi kupasuliwa matiti. Huyo simwambii ajitahidi tu. Tunakamua, tunamnywesha mtoto kwa kikombe, na yakipungua tunaongeza maziwa ya kopo kwa kipimo sahihi. Mtoto lazima ashibe, na mama asione aibu.

Asubuhi nilipompitia yule mama, alikuwa ameweka nepi mbili zilizolowa pembeni ya kitanda. Hakutaka zitupwe kabla sijaziona.