Kamshafti ya mbio kwenye Datsun 240Z: yanayosemwa gereji na yaliyo kweli

Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda mbio za magari za Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1971 wakiendesha Datsun 240Z. Mwaka 1973 Shekhar Mehta na Lofty Drews wakashinda tena na gari la aina hiyohiyo. Injini yake ya L24, yenye silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, ilistahili heshima yote iliyopata. Lakini heshima hiyo imezaa maneno mengi yasiyo kweli, hasa kuhusu kamshafti. Huku Mtwara na Lindi, kijana akibahatika kurithi au kufufua gari la namna hii, ushauri wa kwanza anaopewa ni kutoa kamshafti ya kiwandani na kufunga kubwa kuliko zote anazoweza kumudu. Injini nzuri zinaharibiwa kwa ushauri huo, na spea zake hazipatikani kirahisi. Ndiyo maana naona ni lazima mambo haya yasemwe wazi.

“Kamshafti ikiwa kubwa, nguvu inaongezeka”

Hii ndiyo mama wa dhana zote, kwa hiyo tuitulie.

Kamshafti ni mhimili wenye nundu. Nundu inasukuma roka (mkono mdogo wa chuma), roka inafungua valvu, yaani mlango wa kuingizia mchanganyiko au wa kutolea moshi kwenye silinda. Mhimili huo unazunguka mara moja kila kranki, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni, inapozunguka mara mbili. Ukinunua kamshafti unachagua hasa vitu viwili: valvu ifunguke kwa kimo gani, na ikae wazi kwa muda gani. Muda huo hupimwa kwa nyuzi za mzunguko wa kranki. Kamshafti ya kiwandani ya L24 inaiacha valvu wazi kwa nyuzi 248 na kuiinua milimita 10.5. Za barabarani zilizoongezwa kidogo ziko kwenye 260 hadi 270 hivi, za rali hufika 280 na kupita, na za mbio tupu hupita 300.

Sasa tazama kinachotokea ndani. Valvu ya kuingizia haifungi palepale pistoni inapofika chini kabisa. Kwenye kamshafti ya kiwandani inafunga kama nyuzi 50 baadaye, wakati pistoni imeshaanza kupanda. Injini ikizunguka kwa kasi hilo halina madhara, kwa sababu mchanganyiko wa hewa na petroli unaingia kwa kishindo na kuendelea kujisukuma ndani, kama abiria wa nyuma wanavyowasukuma wa mbele mlangoni mwa daladala. Ikizunguka taratibu, kishindo hicho hakipo. Ukifunga kamshafti inayochelewa hadi nyuzi 70 na zaidi, pistoni inapopanda kwa mwendo mdogo inaurudisha mchanganyiko kwenye manifoldi, yaani mabomba ya kuuingizia. Utaona hata kabureta inatema ukungu wa petroli. Silinda inabaki haijajaa, na gari linakuwa zito kuondoka.

Kwa hiyo kamshafti, kwa sehemu kubwa, inaihamisha nguvu kutoka chini kuipeleka juu. Hesabu yake si ngumu. Kilowati (nguvu) ni nyutoni-mita (mvuto wa injini) mara mizunguko kwa dakika, gawanya kwa 9,549. Nyutoni-mita 200 kwenye mizunguko 3,000 ni kilowati 63. Nyutoni-mita 180 kwenye mizunguko 5,500 ni kilowati 104. Injini ya pili ina mvuto mdogo zaidi, ila inafanya hivyo mara nyingi zaidi kwa dakika, na namba kubwa ndiyo inayoandikwa kwenye tangazo. Swali ni kama wewe utafika huko juu.

Chukua 240Z yenye gia tano, difu ya 3.9 na tairi za inchi 14 za asili. Ukienda kilomita 50 kwa saa, ambao ndio mwendo wa kwenye makazi, ukiwa gia ya nne injini iko kwenye mizunguko 1,700 hivi. Ukifika kilomita 100 kwa saa gia ya tano, iko kama 2,800. Barabara ya Mtwara hadi Lindi inapita vijiji vingi, na vibao vya 50 vinafuatana. Kamshafti inayoamka kwenye 4,000 itakuwa imelala karibu safari nzima. Na msimu wa korosho, malori yanapomiminika kwenda bandarini, unachohitaji nyuma ya lori ni mvuto wa pale ulipo, bila kushusha gia mbili kila unapotaka kupita. Mlima wa kupanda Newala kutoka upande wa Masasi unadai hivyohivyo: kona inakuondolea mwendo, halafu injini inatakiwa ivute kutoka chini.

Hata kamshafti ya kiwandani, kwa takwimu za Datsun wenyewe, mvuto wake unafika kileleni kwenye mizunguko 4,400, na nguvu za farasi 151 zinapatikana kwenye 5,600. Injini hii tayari inapenda kuzunguka. Kwa gari la kutembelea barabara zetu, mimi sishauri kupita nyuzi 270, na mtu akiishia 260 ataendesha kwa raha zaidi.

“Ikitetemeka kwenye sailensi ndiyo dalili ya nguvu”

Sailensi ni injini kuunguruma bila kukanyagwa mafuta. Mtetemo huo unatokana na ule muda ambao valvu ya kuingizia na ya kutolea moshi ziko wazi pamoja. Kamshafti ndefu inauongeza muda huo, na kwenye mwendo wa chini moshi uliokwisha kuungua unarudi kuchanganyika na petroli mpya. Moto unaruka, injini inapigapiga. Ni dalili kwamba injini haiungui vizuri pale ilipo, basi. Tena mvuto wa hewa ndani ya manifoldi unapungua, na boosta ya breki, inayokupunguzia uzito wa kukanyaga, inautegemea mvuto huohuo. Kanyagio likawa gumu ghafla kwenye mteremko wa kuingia Mikindani, sauti nzuri ya ekzosi haitakusaidia.

“280 ni 280, popote utakaponunua”

Sivyo. Kila mtengenezaji ana mahali anapoanzia kuhesabu. Mmoja anahesabu tangu valvu inyanyuke kidogo tu kwenye kiti chake. Mwingine, hasa Marekani, anahesabu tangu nundu iinuke inchi 0.050, yaani milimita 1.27. Wapo pia wanaohesabu kwenye milimita moja. Kamshafti moja ileile inaweza kuandikwa 280 kwa kipimo cha kwanza na 230 hivi kwa cha pili. Mtu anaona 230 anadhani ni ndogo kuliko ya kiwandani, anaiacha. Anaona 280 nyingine anadhani ni sawa na ya jirani yake. Kabla hujatuma pesa Kariakoo au nje ya nchi, uliza kipimo kimeanzia wapi, kimo ni cha nundu au cha valvu, na valvu inafunga nyuzi ngapi baada ya pistoni kufika chini. Muuzaji asiyeweza kukupa karatasi yenye majibu hayo anakuuzia chuma asichokijua.

Kuna na zile zinazochongwa upya kutoka kwenye za zamani. Si lazima ziwe mbaya. Ili nundu iwe ndefu zaidi, fundi anapunguza sehemu ya mviringo, na ugumu wa chuma cha juu una kina chake. Akipita kina hicho, nundu italika upesi. Nundu iliyojazwa kwa kuchomelea na kusawazishwa kwa mkono usiifunge kabisa.

“Toa ya zamani, funga mpya, jioni unaendesha”

Hapa ndipo injini nyingi zinapokufa, na kazi yenyewe inaanza na kipande cha mti.

Kwenye L24, kabla ya kutoa gia ya kamshafti, lazima uzuie kitensheni, yaani kifaa kinachokaza cheni ya kuzungusha kamshafti, kwa kabari. Seremala yeyote anaweza kukuchongea kabari ndefu ya mninga, nyembamba chini na pana juu, ukaifunga waya kwenye ncha ya juu ili usiipoteze. Unaishusha katikati ya pande mbili za cheni hadi ibane. Ukisahau, kitensheni kinachomoka, na utalazimika kufungua kava lote la mbele kwa kosa la dakika moja. Kamshafti yenyewe huchomolewa kwa kuitelezesha kwenda mbele. Vile vishikio vinavyoibeba usivifungue, maana matundu yake yalitobolewa yakiwa yamefungwa mahali pake, na ukivilegeza mstari unaweza kupotea.

Kisha vikofia. Juu ya kila shina la valvu kuna kikofia kidogo cha chuma kigumu, na roka inabonyeza hapo. Unene wake ndio unaoamua nundu isugue sehemu gani ya roka. Kamshafti ikibadilika, hasa iliyochongwa upya, unene huo nao unabadilika. Njia ya kujua ni kupaka uso wa roka rangi ya makapeni, kuzungusha injini kwa mkono mizunguko miwili, halafu kutazama. Alama ya msuguano inatakiwa ikae katikati ya uso wa roka, ikiacha nafasi kila upande. Ikifika ukingoni, ukingo utaila nundu, na katika kilomita chache utapata unga wa chuma ndani ya oili. Fanya hivyo kwa roka zote 12. Moja kuwa sawa hakuthibitishi nyingine.

Springi nazo. Kimo kikiongezeka, springi ya zamani inaweza kubanwa hadi nyaya zake zigusane. Valvu ikiwa wazi kabisa, nafasi zilizobaki kati ya nyaya zifike milimita moja hadi moja na nusu kwa jumla. Wengine hukimbilia springi ngumu kuliko zote, kumbe ugumu uliozidi unaimaliza nundu. Fuata alizoelekeza mtengenezaji wa kamshafti.

La mwisho kwenye mkumbo huu ni nafasi kati ya valvu na pistoni. Bandika plastisini juu ya pistoni, funga hedi kwa gasketi ya zamani, zungusha kranki kwa mkono mara mbili kamili, fungua, kata plastisini kwa wembe na upime pale ilipobonyea zaidi. Upande wa kuingizia isipungue milimita 1.5 hadi 2. Upande wa kutolea moshi, ambako joto ni kali, iwe 2 hadi 2.5. Hedi ikiwa imewahi kuskimiwa, yaani uso wake umekatwa ili unyooke, kipimo hiki hakiepukiki. Kuskimu kunaisogeza kamshafti karibu na kranki, na taimingi (wakati wa valvu kufunguka na kufunga) inachelewa. Gia ya L24 ina matundu matatu yenye namba kwa ajili ya kuirekebisha cheni ikivutika, kila hatua ikiwa nyuzi nne za kranki. Kwa kazi ya uhakika tumia dial geji na duara la nyuzi. Alama za kiwandani zilipigwa kwa ajili ya kamshafti ya kiwandani.

“Kompresheni imeshuka, ringi zimekwisha”

Si lazima. Valvu inayochelewa kufunga inapunguza kompresheni inayopimwa kwa starta hata kama ringi ni mpya. Pima kabla ya kubadilisha, pima baada, na linganisha silinda zote sita. Zikishuka zote kwa kiasi kinacholingana, ni kazi ya kamshafti. Ndiyo maana kamshafti ndefu zinataka injini yenye uwiano wa kompresheni ulio juu zaidi.

“Injini mpya iache kwenye sailensi izoee taratibu”

Kwa kamshafti inayosuguana na roka namna hii, ushauri huu ni sumu. Kwenye sailensi shinikizo la springi kwenye ncha ya nundu ni kali na oili inayoifikia ni kidogo. Paka nundu grisi ya molibdeni wakati wa kufunga, weka roka mpya au zilizosawazishwa upya, hakikisha petroli na moto viko tayari ili isisumbue kuwaka. Ikiwaka tu ipandishe hadi mizunguko 2,000 au 2,500 na uishikilie hapo dakika 20, ukiipandisha na kuishusha kidogo. Rejeta iwe imejaa, maana kwa joto la pwani injini inayonguruma imesimama inachemka upesi.

Kabla ya hapo, toa plagi, acha kava la juu wazi, piga starta na utazame oili ikifika kwenye kila nundu. L24 za mwanzo zina kibomba chenye matundu kinachomwaga oili juu ya kamshafti; tundu likiziba, nundu inayolitegemea inakauka. Na oili isiwe ya gari jipya lenye katalisti, kwa sababu nyingi kati ya hizo zimepunguzwa zinki na fosforasi zinazokinga nundu. Unene peke yake si kinga. Soma mgongo wa kopo.

“Valvu zikigonga, zikaze hadi zinyamaze”

L24 inataka nafasi ya milimita 0.20 upande wa kuingizia na 0.25 upande wa kutolea ikiwa ya baridi. Kamshafti mpya inakuja na vipimo vyake, fuata hivyo. Valvu iliyobanwa haigusi kiti chake sawasawa, haipoi, na mwisho inaungua. Chukua fila geji (vibati vyembamba vya kupimia nafasi) asubuhi kabla injini haijawashwa, na urudie baada ya safari ya kwanza ya kwenda Mingoyo na kurudi, maana vikofia na roka mpya vitakuwa vimeshakaa mahali pake na nafasi zitakuwa zimebadilika.