Si kila sindano iliyokusumbua ni aleji

Swali ni fupi: "Una aleji na dawa yoyote?" Nimeliuliza miaka mingi, kwanza Lindi mjini na sasa Mtwara, na majibu yake yanaweza kujaza daftari. "Ndiyo, sindano zote." "Ndiyo, ile ya kwinini, masikio yalivuma mpaka nikawa sisikii adhana." "Ndiyo, ya uzazi wa mpango, ilininenepesha." "Ndiyo mwanangu, penisilini, nilichechemea wiki nzima." Wote hao wametaja mambo ya kweli yaliyowasumbua kweli. Hakuna aliyetaja aleji.

Sindano yenyewe tuimalize haraka. Ni njia ya kuingiza dawa mwilini bila kuipitisha tumboni, basi. Inatumika kwa anayetapika, kwa aliyepoteza fahamu, kwa dawa inayotakiwa ifike upesi, na kwa dawa ambayo tumbo lingeiharibu kabla haijafanya kazi, kama insulini. Nyingine inachomwa ndani ya ngozi (BCG, ile ya kovu la begani), nyingine chini ya ngozi, nyingine kwenye msuli kama chanjo nyingi za watoto, nyingine kwenye mshipa, kama artesuneti kwa mwenye malaria kali. Sindano si "dawa kali" na kidonge si "dawa nyepesi". Anayeweza kumeza na hatapiki, mara nyingi kidonge kinamtosha, hata kama amepanda basi kutoka Newala akiwa ameshaapa kwamba harudi bila kuchomwa.

Sasa turudi kwenye aleji, ambayo kwa Kiswahili ni mzio. Baada ya sindano mtu anaweza kupata moja kati ya mambo matatu, na kila moja lina jina lake: maudhi, madhara na mzio.

Maudhi mnayajua. Kliniki za uzazi wa mpango ndizo zilizotuzoesha kusema "maudhi madogo madogo". Ni usumbufu unaojulikana, ambao nesi mzuri anakutajia kabla hujachomwa. Mtoto aliyepata chanjo ya pentavalenti anachemka usiku ule, paja linakuwa gumu kidogo, kesho au keshokutwa yamekwisha. Anayechoma Depo, sindano ya uzazi wa mpango, hedhi inavurugika, anatokwa na matone, au haioni kabisa, wengine wanaongezeka uzito, na akiacha anaweza kusubiri miezi kadhaa kabla ya kushika mimba. Kwinini inavumisha masikio. Hayo ni tabia ya dawa. Ukichoma watu mia, utawaona wengi wanaopata, na ukimchoma tena yule yule atapata yale yale.

Madhara ni uharibifu. Jentamaisini, dawa ya kuua bakteria, ikizidi kipimo au ikitumika muda mrefu mno inaweza kuua usikivu, na hiyo si maudhi, mtu anabaki kiziwi. Mengine hayatoki kwenye dawa, yanatoka kwenye mkono uliochoma. Ndani ya kalio inapita neva kubwa inayoteremka mpaka unyayoni, ndiyo maana tunafundishwa kuchoma robo ya juu upande wa nje, mbali nayo. Niliwahi kuletewa mtoto anayekokota mguu baada ya kuchomwa nyumbani na jirani ambaye utaalamu wake ulikuwa kutazama wengine wakichoma. Bibi yake akaniambia: "Ana aleji ya kwinini." Hapana, bibi. Kwinini ilikuwa msafiri tu kwenye gari hilo. Jipu linalotunga kwa sababu bomba lilitumika mara mbili nalo si aleji, na ukiambiwa ni aleji ujue kuna mtu anajisafisha.

Hapa sasa ndipo ninapotaka kukaa, kwenye mzio.

Neno mzio halikuletwa na hospitali. Wazee wa pwani walikuwa nalo kabla ya bomba la sindano kufika Mikindani. Mzio ni kitu ambacho wewe hukigusi au hukili: kwa sababu ya ukoo, au mganga amekukataza ukiwa kwenye dawa yake, au umeshaona kwamba ukikila kinakugeuka. "Pweza ni mzio wake," walisema, na pweza yuko sahani moja na watu saba wanaomla bila neno. Tazama jinsi neno lilivyokaa: mzio ni wa mtu. Haukuwa wa pweza. Waliolichukua kulipeleka hospitali walichagua vizuri kuliko sisi tunavyolitumia.

Aleji nayo ina asili ambayo watu hawaitegemei: ilizaliwa kwenye sindano. Mwanzoni mwa karne ya 20 huko Vienna, daktari wa watoto Clemens von Pirquet na mwenzake Béla Schick walikuwa wanatibu dondakoo. Dawa ya wakati huo ilikuwa majimaji ya damu ya farasi aliyezoeshwa sumu ya ugonjwa, na ilidungwa. Watoto wengine, wiki moja au zaidi baada ya sindano, walipata homa, vipele na viungo kuvimba. Ila waliorudi kuchomwa mara ya pili hawakusubiri wiki. Walilipuka siku ile ile, tena kwa nguvu zaidi. Dawa ni ile ile, farasi ni yule yule, kilichobadilika ni mtoto. Mwaka 1906 Pirquet akaunda neno la jambo hilo kwa kuunganisha maneno mawili ya Kigiriki, la "nyingine" na la "kazi": mwili umekutana na kitu, na sasa unakipokea kwa namna nyingine.

Kwa hiyo mtu anaponiambia "haiwezi kuwa aleji, mwaka jana nilichomwa hiyo hiyo sikupata kitu," anadhani ananikatalia, kumbe ananiongezea ushahidi. Mwili unatakiwa uwe umeshaonja kitu, au ndugu yake wa karibu, ndipo uandae silaha. Na damu ya farasi haijaondoka kabatini. Dawa nyingi za sumu ya nyoka bado zinatengenezwa kwayo, ndiyo maana mkulima aliyeumwa na nyoka shambani anapotundikiwa dawa hiyo, adrenalini, dawa ya kuzima mzio mkali, inakuwa imeshaandaliwa pembeni.

Kwa watu wa huku mfano upo mlangoni. Mafuta ya ganda la korosho yanaunguza vidole vya yeyote anayebangua bila kujikinga, awe mzaliwa wa Tandahimba au mgeni wa jana. Ni tabia ya mafuta. Lakini kuna mtu akitafuna punje moja iliyokaangwa midomo inavimba, mwili unatoka mabaka, pumzi inaanza kukata, huku wenzake wanamaliza kibakuli. Huo ndio mzio.

Mzio mkali wa sindano una sura yake na hauchelewi. Mara nyingi ni dakika chache baada ya kuchomwa, kwa kawaida ndani ya saa moja: mabaka yanayowasha mwili mzima, midomo na ulimi kuvimba, koo kubana, kifua kulia filimbi, tumbo kunyonga, presha kushuka mpaka mtu anaanguka. Tiba yake ya kwanza ni adrenalini kwenye msuli wa paja, papo hapo. Ndiyo sababu tunakuomba ukae kwenye benchi dakika 15 au 30 baada ya chanjo, ingawa unatuona tunakuchelewesha sokoni. Kwa chanjo mzio huo ni nadra sana, kama mara moja kwa dozi milioni moja. Kwa penisilini unatokea zaidi, lakini bado ni watu wachache kati ya kila elfu kumi.

Usichanganye na binti anayeanguka shuleni siku ya chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi. Huyo anazimia sindano ikiwa bado inaingia, au hata kabla, akimtazama mwenzake anavyochomwa. Ngozi imepauka, ina jasho baridi, mapigo yako polepole, hana kipele hata kimoja. Mlaze, inua miguu, atafumbua macho aone haya. Ni hofu.

Waliofikisha umri wa kukumbuka klorokwini watanipinga kwa jambo moja: kuwashwa. Nchi iliiacha kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001, lakini nani amesahau kujisugua mgongo kwenye fremu ya mlango usiku kucha? Wengi mpaka leo wanasema "mimi nina aleji ya klorokwini". Angalieni vizuri: mlikuwa mnawashwa bila vipele, bila kuvimba, na mliwashwa nusu ya mtaa. Ilikuwa tabia ya dawa ile kwa watu wetu. Maudhi, tena maudhi mabaya, lakini maudhi.

Na kuna hili la salfa, ambalo naamini ni letu sisi wa kusini peke yetu. Msimu wa kupuliza mikorosho dhidi ya ubwiriunga, ule ukungu mweupe wa mikorosho, unga wa salfa unajaa hewani, watu wanapiga chafya, macho yanawaka. Kisha mama mjamzito anakuja kliniki, anapewa SP ya kukinga malaria, anakataa: "Mimi na salfa hatupatani." Salfa ya mkorosho ni kibiriti. Salfa iliyo ndani ya SP na Septrin ni kemikali nyingine kabisa, wamefanana jina kama Hamisi wa Mtama na Hamisi wa Ruangwa. Mzio wa dawa za salfa upo, na ukiwa mkali unachubua midomo na ngozi, si wa kuchezea. Ila haujulikani kwa kupiga chafya shambani.

Nafika kwenye gharama ya kuchanganya majina haya. Dada mmoja alikuja kliniki ya wajawazito, kipimo cha kaswende kikasoma. Dawa yake ni penisilini ya benzathini, yuniti milioni 2.4, nzito, mara nyingi inagawanywa makalio yote mawili, na sitakudanganya, inauma. Faili lake la zamani lilikuwa na maandishi ya kalamu nyekundu: ALEJI PENISILINI. Nikamuuliza ilimfanya nini.

"Usiku ule dada, homa, baridi, kichwa kinapasuka. Nilitetemeka kama mwenye malaria."

"Vipele? Midomo kuvimba? Kifua kubana?"

"Hapana."

"Asubuhi?"

"Asubuhi nikaamka, nikaenda kupalilia."

Alikuwa amechomwa kwa ajili ya kaswende, mimba iliyopita. Hiyo homa inajulikana: dawa ikiua vijidudu vya kaswende kwa mkupuo, mwili unachemka saa chache baadaye na kutulia ndani ya siku moja. Madaktari waliiona tangu enzi za kutibu kwa zebaki, kabla penisilini haijakuwepo, kwa hiyo hata ukitaka kuisingizia penisilini huwezi. Ni dalili kwamba tiba imegusa. Aliyeandika kwa kalamu nyekundu hakuuliza maswali mawili zaidi, basi.

Na kwa mjamzito mwenye kaswende hakuna dawa nyingine tunayoiamini kumfikia mtoto tumboni. Erithromaisini, dawa nyingine ya kuua bakteria, haivuki kwenda kwa mtoto vya kutosha. Kwa neno moja lililoandikwa vibaya, mtoto angeweza kuzaliwa na kaswende au asizaliwe hai. Daktari akamhoji upya, sindano ikachomwa adrenalini ikiwa mezani, akakaa benchi, akarudi nyumbani akilalamikia makalio. Nchi ambazo zimewapima watu wanaojiita wenye aleji ya penisilini zinakuta kwamba 9 kati ya 10 au zaidi wanaivumilia vizuri.

Sisemi ujifutie aleji mwenyewe. Kama uliwahi kuvimba uso, kukatika pumzi au kuanguka dakika chache baada ya sindano, sema kwa sauti kila unapokwenda, hata duka la dawa, hata kama muuzaji ana haraka, na jina la dawa liandikwe kwenye kadi yako.

Kwa wengine wote, nawaomba tu mbadilishe jibu. Tukiuliza "una aleji?", msijibu ndiyo wala hapana kwanza. Tuambieni ilikuwa dawa gani, mlichomwa wapi, ilichukua muda gani kabla hamjaona kitu, mliona nini, na kiliisha vipi. Kama jina la dawa hamlikumbuki, semeni ilikuwa ya ugonjwa gani, mengine tutatafuta kwenye faili. Kuandika neno aleji, au kutoliandika, tuachieni sisi.