Uvimbe kifuani na limfosaiti nyingi kwa mbwa: kwa nini kipimo kimoja hakitoshi

Malalamiko yanayotufikia maabara siku hizi yanafanana mno. Mbwa amepimwa damu, limfosaiti (aina ya chembe nyeupe za kinga) zimeonekana nyingi, eksirei imeonyesha kivuli kifuani, na bado tunaomba sampuli nyingine. Wapo wanaosema tunawazungusha. Tunaelewa uchungu wao, lakini hatuwezi kusaini jina la ugonjwa ambao hatujauona.

Eksirei inasema tu kwamba kuna kitu. Uvimbe ulio mbele ya moyo husukuma koo la hewa kuelekea uti wa mgongo, na maji yakijaa kifuani hata hilo halionekani vizuri. Ndiyo maana tunataka picha tatu: mbwa akilala ubavu wa kushoto, wa kulia, kisha chali. Anayehema kwa shida atolewe maji kwanza, picha baadaye.

Watuhumiwa wakuu wa eneo hilo ni wawili. Limfoma ni saratani ya limfosaiti zenyewe, na hutibiwa kwa kemotherapi, yaani dawa za kuua seli za saratani. Thaimoma ni uvimbe unaoota kwenye thaimasi, tezi ya kinga iliyo kifuani mbele ya moyo, na tiba yake kuu ni upasuaji. Ukizichanganya, utampasua mbwa bure, au utamnyima kisu aliyekihitaji. Na kuzichanganya ni rahisi, kwa sababu thaimoma nayo hujaa limfosaiti, ingawa hizo si za saratani. Sindano ikichota hizo tu, darubini haina la kutuambia. Hapo hutumika flosaitometria, yaani mashine inayosoma alama za seli moja moja. Ikikuta asilimia 10 au zaidi ya limfosaiti zina alama za CD4 na CD8 kwa pamoja, tunaelekea kwenye thaimoma. Kwenye limfoma kwa kawaida seli za namna hiyo ni chache sana.

Kuhusu damu, tuseme wazi: limfosaiti nyingi si lazima ziwe saratani ya damu! Mbwa mzima huwa na takriban 1,000 hadi 4,800 kwa mikrolita, na kila maabara ina mipaka yake. Hupanda kwa mbwa mchanga, baada ya chanjo, kwa hofu akiwa kwenye meza ya daktari, kwa ugonjwa wa Addison (upungufu wa homoni za tezi zilizo juu ya figo), kwa erlikia, maambukizi ya bakteria yaletwayo na kupe, na hata kwa thaimoma. Kinyume chake pia ni kweli: mbwa mwenye limfoma anaweza kuwa na hesabu safi kabisa.

Sasa utaratibu. Damu ije kwenye kichupa cha EDTA (dawa ya kuzuia damu kuganda), kile cha kifuniko cha zambarau, ikiwa baridi lakini isigande kwa barafu, kwa sababu flosaitometria inahitaji seli hai. Vioo vilivyopakwa seli za kutazamwa kwa darubini visafiri mbali na chupa ya formalini, dawa ya kuhifadhia vipande vya nyama ya mwili. Mvuke wake huharibu namna seli zinavyoshika rangi, hata mfuniko ukiwa umekazwa. Lebo iwe na jina la mbwa, tarehe na mahali sampuli ilipotolewa. Isiyo na lebo haipimwi, hata mwenyewe aape, na ada ya mapokezi hairudishwi. Fomu isiyojazwa sehemu ya dawa husimama hadi daktari wa mifugo aijaze na kuisaini upya.

Sehemu hiyo ya dawa ndiyo inayotuchosha. Prednisoloni (dawa ya steroidi) iliyobaki nyumbani hupewa mbwa "apate nafuu kidogo", kisha analetwa. Nafuu anaipata kweli, uvimbe unanywea, seli tulizozihitaji zimekufa, na zilizobaki zinaweza kuwa sugu kwa kemotherapi. Ukishampa, andika. Hatukupeleki popote; lakini ukificha, ripoti yetu ndiyo itakayopotosha.

Jingine la kuandika: je, anakunywa maji na kukojoa kupita kawaida? Uvimbe wa aina zote mbili unaweza kupandisha kalsiamu ya damu, na figo zikaumia. Je, chakula kinamrudi bila tumbo kujikamua? Watu wengi huandika "anatapika", na si kitu kimoja. Kurudi kwa namna hiyo huweza kutokana na umio uliolegea kwa miasthenia, ugonjwa wa kudhoofika kwa misuli inayoandamana na thaimoma. Kipimo cha miasthenia ni cha seramu, yaani majimaji yanayobaki damu ikiganda, kwa hiyo damu yake ije kwenye kichupa kisicho na EDTA, ikiwa imechukuliwa kabla ya steroidi.